Muda wa Kusoma: Chama, Kazi na Darasa Kandokando ya Ziwa

Reli ilipofika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, mji ukiitwa bado Port Florence kwa heshima ya mke wa mhandisi Ronald Preston, ilishusha vitu viwili ambavyo watu wa ufuo huu wameishi navyo hadi leo: mshahara na saa ya kazi. Mvuvi wa Dunga alitupa nyavu zake pepo zilipomruhusu, na mkulima wa Kano alilima mvua iliponyesha. Kuli wa gatini, mchochea moto wa meli na karani wa stesheni walifuata honi. Walikuwa wameuza mchana wao. Aliyeuza mchana akataka kujifunza kusoma, ilibidi atafute muda mwingine mahali fulani: usiku, Jumapili, likizoni, au ndani ya saa zilezile za mwajiri.

Historia ya elimu ya mfanyakazi mtu mzima katika Nyanza, nionavyo mimi, ni historia ya kuutafuta muda huo. Tumezoea kuisimulia kama historia ya karo, na karo kweli imewaliza wengi. Lakini karo ina harambee, ina ng'ombe wa kuuzwa, ina mjomba aliye Nairobi. Muda hauna harambee. Chombo pekee kilichowahi kuketi mezani na mwajiri kujadili muda wa mfanyakazi ni chama chake, na ndiyo maana inafaa kuuliza vyama vilifanya nini na nafasi hiyo.

Mgogoro wenyewe ni wa zamani kuliko vyama. Wamisionari wa CMS walifungua shule Maseno mwaka 1906, mwendo mfupi kutoka Kisumu, na kufikia 1908 wanafunzi walikuwa wamegoma. Walilalamikia kazi za mikono: walitaka kusoma na kuandika, si kulima na kujenga mchana kutwa. Vitabu vya historia huutaja mgomo huo kama kioja cha vijana wa shule. Mimi nauona ni mzozo wa kazi hasa. Vijana wale walikuwa wameshajua kwamba saa iliyoliwa na jembe hairudi darasani.

Kutoka Maseno walitoka walimu na makarani, na kutoka kwa walimu na makarani zikatoka siasa. Desemba 1921 walikutana Lundha, Gem, wakaunda Young Kavirondo Association, Jonathan Okwiri akiwa kiongozi wao. Walilalamikia kodi, kipande na kazi za lazima. Shemasi mkuu Walter Owen wa kanisa la Anglikana aliwavuta polepole hadi chama kikawa cha ustawi wa walipa kodi, chenye kuhimiza vyoo na miti zaidi ya madai. Hakikuwa chama cha wafanyakazi kwa maana ya leo. Hata hivyo walioongoza waliishi kwa mshahara, na kwa miongo minne iliyofuata sura hiyo haikubadilika: aliyewasemea watu wa Nyanza mbele ya serikali alikuwa mwalimu au karani, mtu aliyesoma kidogo na kuona wazi ni kiasi gani hakusoma.

Vyama halisi vilichelewa. Mwaka 1935 Makhan Singh alianza kuwakusanya mafundi wa Kihindi jijini Nairobi. Mei 1950 alikamatwa pamoja na Fred Kubai, na yeye hakuachiliwa hadi 1961. Katikati ya hapo serikali ya kikoloni ilikuwa imeingiwa na wazo jingine: kama vyama haviepukiki, basi viongozi wao wafundishwe kuwa wapole. Uingereza ilileta mshauri wa vyama kufunza kuweka hesabu, kuandika kumbukumbu za mkutano na kujadiliana bila kugoma. Ndiyo elimu ya kwanza ya chama kutolewa rasmi nchini. Ilikuwa na nia yake, lakini waliofundishwa kuweka hesabu waliweka hesabu kweli, na baadaye wakamwonyesha mwajiri.

Hapo ndipo anapoingia Tom Mboya. Alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, baba yake akifanya kazi katika shamba la mkonge, lakini kwao ni Kisiwa cha Rusinga, ng'ambo ya Mbita. Masomo ya sekondari Mang'u aliyaacha njiani kwa kukosa pesa. Akaenda Jeanes School, Kabete, kusomea ukaguzi wa afya, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Kazini aligundua kwamba mkaguzi Mwafrika na mkaguzi Mzungu walikagua maziwa yaleyale kwa mishahara tofauti. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, lile lililoitwa baadaye Kenya Federation of Labour.

Huyu alikuwa mtu mzima aliyeacha shule, mwenye kazi na madaraka, na kilichomrudisha darasani ni chama. Mwaka 1955 alikwenda Chuo cha Ruskin mjini Oxford kwa ufadhili uliopatikana kupitia marafiki wa vyama vya Uingereza. Ruskin kilianzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wa namna yake. Hakikudai vyeti, kilichukua wachimba makaa, wafanyakazi wa reli na makarani waliopendekezwa na vyama vyao, kikawapa walichokikosa: mwaka mzima wa kusoma bila kuamkia kazini. Mboya alisoma siasa na uchumi, akaandika kijitabu kuhusu suala la Kenya, na aliporudi mwishoni mwa 1956 alikuwa tayari kwa uchaguzi wa Machi 1957 uliomwingiza katika Baraza la Kutunga Sheria.

Mwaka mmoja tu, na tazama ulichozaa. Mtandao aliouunda kwa vyama vya Marekani ulileta fedha za kujenga Solidarity House, makao ya shirikisho Nairobi, kisha Septemba 1959 ukasaidia kuirusha ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani. Wengi wao hawakuwa watoto waliotoka shule jana. Walikuwa walimu na makarani walioandika barua ya kujiuzulu wakiwa na tiketi mfukoni.

Mwaka huohuo mtu mwingine wa ufuo huu aliondoka kwa njia yake. Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alitoka Maseno bila kumaliza, akafanya ukarani Nairobi, akaoa, akapata mtoto. Alifanya kazi katika mradi wa kisomo cha watu wazima chini ya Mmarekani Elizabeth Mooney, akaandika vitabu vidogo vya Kiluo vya kusomea vilivyoitwa Otieno Jarieko. Akiwaandikia watu wazima wa kwao namna ya kusoma, yeye mwenyewe alikuwa akikamilisha masomo ya sekondari kwa posta baada ya kazi. Mwaka 1959 alifika Hawaii.

Masomo ya posta yanastahili makala yao wenyewe. Kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1970 hakukuwa na ofisi Kisumu isiyokuwa na karani aliyejiandikisha Wolsey Hall, British Tutorial College au Rapid Results College. Bahasha nene zilitoka ng'ambo na masomo yaliyopigwa chapa, majibu yakarudi kwa stempu iliyonunuliwa kwa mshahara wake, na alama zikaja baada ya wiki nyingi. Alisomea mezani baada ya bosi kuondoka, au nyumbani kwa taa ya chemni, watoto wamelala sakafuni. Vyama havikuhusika na hilo. Mfanyakazi alijitafutia muda wake mwenyewe, na alioupata ulikuwa wa usiku.

Vyama navyo vilikuwa vinasomesha viongozi. Novemba 1958 shirikisho la kimataifa la vyama huru, ICFTU, lilifungua Chuo cha Kazi cha Afrika jijini Kampala kwa ajili ya nchi zinazotumia Kiingereza, mwalimu mkuu wa kwanza akiwa Msweden, Sven Fockstedt, aliyetoka katika vuguvugu la elimu ya wafanyakazi la kwao. Mtu wa Kisumu hakuona Kampala kuwa ughaibuni: meli zilitoka gatini kwenda Port Bell, na Waluo walikuwa wakifanya kazi Uganda tangu zamani. Makatibu wa matawi walikwenda, wakafunzwa sheria za kazi, uchumi na namna ya kuendesha mkutano, wakarudi na daftari zilizojaa.

Ilikuwa enzi ya vita baridi, na kila upande ulikuwa na ubao na chaki. Israeli ilikuwa na taasisi yake ya Waafrika na Waasia Tel Aviv. Ujerumani Mashariki ilikuwa na chuo chake Bernau. Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuanzisha Luo Thrift na kuhamia siasa, alisimama nyuma ya Taasisi ya Lumumba nje kidogo ya Nairobi, iliyowafunza makada wa chama tawala, KANU, hadi serikali ilipoifunga mwaka 1965. Mboya wa Rusinga na Odinga wa Bondo, wote wana wa ziwa moja, waligombana hata kuhusu nani amsomeshe mfanyakazi na kwa fedha za nani. Serikali iliumaliza ugomvi huo kwa mtindo wake: 1965 mashirikisho hasimu yakavunjwa, shirikisho moja, COTU, likaundwa, uhusiano na mashirikisho ya nje ukakatwa. Mwaka 1968 serikali ya Obote nchini Uganda ikakifunga chuo cha Kampala. Makatibu wa matawi wa Kisumu wakabaki bila chuo.

Wengi wa waliofaidi vyuo hivyo, ukweli usemwe, walikuwa viongozi. Mwanachama wa kawaida, yule aliyekatwa ada kwenye mshahara kila mwezi, aliona matunda yake tu pale katibu aliporudi na ulimi mkali zaidi mbele ya meneja. Ruskin ilimsomesha Mboya. Haikumsomesha mfagiaji wa Baraza la Jiji.

Kundi moja liliupita ukuta huo: walimu. Chama chao, KNUT, kilianzishwa tarehe 4 Desemba 1957, wakati walimu wakilipwa na misheni hii na halmashauri ile, kila mmoja kwa viwango vyake. Dai lake kubwa lilikuwa mwajiri mmoja, nalo lilitimia mwaka 1967 ilipoundwa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC. Mwaka huohuo chuo kikuu kishiriki cha Nairobi kikaanzisha kitengo cha masomo ya posta huko Kikuyu, kikitumia redio ya Sauti ya Kenya, shabaha yake ya kwanza ikiwa walimu wa msingi wasiokuwa na vyeti vya kutosha. Yaliposhikana mambo hayo mawili, shule za Nyanza zilibadilika. Mwajiri mmoja alimaanisha ngazi moja ya mishahara. Ngazi moja ilimaanisha kila mtihani una bei inayojulikana. Mwalimu wa daraja la P3 kijijini Nyakach alijua kabisa P2 ingemwongezea nini, na P1 ingemwongezea nini tena. Alikuwa na likizo tatu kwa mwaka. Muda aliokosa kuli na fundi wa kiwandani, mwalimu alikuwa nao.

Ng'ambo ya pili ya ziwa hilihili, Tanzania ilijaribu kumpa kila mtu muda huo kwa amri. Mwaka 1973 Waziri Mkuu alitoa agizo kwamba elimu ya wafanyakazi iingie ndani ya siku ya kazi. Viwandani Mwanza, kama kwingineko nchini, ilipasa mashine zipumzike na madaftari yafunguliwe. Kwingine darasa liligeuka hotuba ya siasa, na mameneja walijua namna ya kulisahau. Lakini hakuna serikali nyingine ya eneo hili iliyowahi kusema wazi kwamba saa ya mwajiri nayo ni saa ya shule.

Kenya ilichukua njia yake. Mwaka 1979 Rais Moi alianzisha kampeni kubwa ya kisomo, idara ya elimu ya watu wazima ikaundwa, na neno ngumbaru likaenea hadi kwenye mizaha ya redio. Walioketi madarasani, chini ya miembe na ndani ya makanisa, wengi wao walikuwa akina mama. Wanaume waliokuwa kwenye zamu ya kiwanda cha sukari cha Miwani au cha nguo cha Kicomi hawakuwa hapo, kwa sababu darasa lilikuwa alasiri na zamu ilikuwa alasiri.

Mwaka huohuo wa 1979, bila ngoma wala tarumbeta, Kenya iliridhia Mkataba Namba 140 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1974, kuhusu likizo ya masomo yenye malipo. Mkataba huo unaitaka nchi iweke sera ya kumpa mfanyakazi muda wa kusoma, ndani ya saa za kazi, huku mshahara ukiendelea: mafunzo ya ufundi, elimu ya jumla na ya uraia, na elimu ya chama. Ni nchi chache mno za Afrika zilizouridhia. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za likizo kwa mwaka. Mama aliyejifungua ana miezi mitatu, baba ana wiki mbili, mgonjwa ana siku zake. Anayetaka kusoma hamo. Ameachiwa mkataba wa pamoja wa kila chama na mwajiri, yaani ameachiwa nguvu ya chama chake.

COTU ilijaribu kuliziba pengo kwa kujenga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilifungua Chuo cha Kazi cha Tom Mboya mjini Kisumu, mkoani kwao Mboya na mbali na makao makuu ya Nairobi. Tusikichanganye na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kilichoko Homa Bay. Hicho ni cha juzi na ni cha serikali. Chuo cha Kisumu kilikuwa cha wafanyakazi wenyewe, mahali pa kumfunza mwakilishi wa kiwandani kusoma mizania ya kampuni na kuandika lalamiko linalosimama mahakamani. Lakini kilizaliwa wakati mbaya. Chama tawala kilikuwa kikiikumbatia COTU kwa nguvu, na mtu aliyekumbatiwa hivyo hapumui vizuri. Kisha zikaja sera za kupunguza wafanyakazi. Kicomi kilifungwa miaka ya 1990. Miwani na Muhoroni viliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2001. Reli ilikuwa imechoka na gati likaota magugu maji. Chuo cha kuwafunza wawakilishi wa viwandani kinahitaji viwanda. Kikafungua milango kwa vijana wa kozi za biashara na kompyuta, kama vyuo vingine mjini.

Walioachishwa kazi walikwenda jua kali, na huko elimu ilikuwa na sura ya pekee: mtihani wa gredi. Kituo cha mafunzo ya viwanda cha Kisumu, kimojawapo cha vituo vya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, huwatahini mafundi kwa Gredi ya Tatu, ya Pili na ya Kwanza. Mfuko wa mafunzo ya viwanda unatokana na tozo ya mafunzo iliyowekwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 1971, ambayo sasa ni shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, ikilipwa na mwajiri.

Mtazame mchomeleaji wa Kibuye siku ya mtihani. Ana miaka 40, amechomelea mageti ya nusu ya Milimani. Anapewa vipande viwili vya chuma na mchoro. Mikono inafanya kazi kabla macho hayajamaliza kusoma. Mshono unatoka mnyoofu, bila tundu, na mtahini anatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu inakuja karatasi ya nadharia. Taja aina tatu za viungo. Eleza tahadhari kabla ya kuwasha. Hapo kalamu inakuwa nzito kuliko nyundo. Mambo yote anayafanya kila siku, lakini hakuna aliyewahi kumtajia majina yake ya kitabuni. Hana chama cha kumtetea, kwa kuwa hana mwajiri. Na siku aliyokuja kufanya mtihani, kibanda chake kimefungwa na hakuna anayemlipa.

Walimu waliendelea kupanda. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha masomo ya kujilipia mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Maseno kilipopata hadhi kamili mwaka 2001, shahada ikaingia ndani ya uwezo wa mwalimu wa P1. Aprili, Agosti na Desemba, wanafunzi wa kawaida wakitoka mabwenini, matatu za Maseno zilishusha watu wa aina nyingine: wanaume wenye mvi na mikoba ya ngozi, akina mama wenye watoto wachanga na yaya, wote wakikimbilia foleni ya usajili. Walisoma kuanzia asubuhi hadi jioni kwa wiki tatu au nne, wakanakili maelezo ya wenzao kwenye fotokopi, wakarudi shuleni wakiwa wamechoka kuliko wanafunzi wao. Hela zilitoka kwa mkopo wa ushirika wa walimu, uliokatwa kwenye payslipu miaka mingi. Likizo ililiwa, familia ikangoja. Walivumilia kwa sababu ngazi ilikuwepo: shahada ikipatikana, TSC ilimpandisha daraja.

Kisha ngazi hiyo iliondolewa. TSC ilileta miongozo mipya ya kupanda vyeo, chini ya mkataba wa pamoja wa 2017 hadi 2021, na shahada peke yake haikumpandisha mtu tena. Nafasi na utendaji ndivyo vilivyohesabiwa. Mwalimu wa msingi aliyekuwa mwaka wa tatu, mkopo ukiwa bado shingoni, alijikuta akisomea karatasi isiyokuwa na bei. Ndipo KNUT, kwa mara ya kwanza labda tangu 1967, ikapigania moja kwa moja thamani ya masomo ya mwanachama wa kawaida. Ilikwenda mahakamani, na Julai 2019 Mahakama ya Ajira ikaipa ushindi katika suala la miongozo hiyo.

Ushindi ule uliiponza. TSC ilishikilia kwamba kama wanachama wa KNUT hawataki miongozo mipya, basi hata nyongeza zilizofungamana nayo haziwahusu. Mwalimu wa Kuppet, chama kingine cha walimu, na asiyekuwa na chama walipata nyongeza. Jirani yake wa KNUT akabaki pale pale. Walimu wakajitoa kwa makumi ya maelfu, ada za chama zikakauka, na matawi yakashindwa kulipa kodi za ofisi. Katikati ya 2021 Wilson Sossion aliondoka ukatibu mkuu, Collins Oyuu akachukua nafasi na kufanya suluhu na mwajiri.

Septemba mwaka huo TSC ilizindua mafunzo ya lazima ya kitaaluma kwa walimu wote, ngazi sita za miaka mitano mitano, katika taasisi nne ilizoziteua. Ada iliwekwa shilingi 6,000 kwa mwaka, kutoka mfukoni mwa mwalimu, masomo yafanywe likizoni. Vyama vya walimu, vilivyotumia miaka 60 kudai mwalimu arudi darasani, vilijikuta vikipinga mwalimu kurudishwa darasani. Sioni kigeugeu hapo. Swali lilikuwa lilelile la vijana wa Maseno mwaka 1908, kwamba muda huu ni wa nani na nani anaulipia, na Mkataba Namba 140 ulikuwa na jibu lake tangu 1979. Mezani haukuwekwa.